Dramu, beringi na pampu ya oili za msumeno wa moto: kipi kinaingiliana na kipi, na ununue kipi

Kwenye duka la vipuri hapa Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, swali la kwanza huwa moja: "Msumeno gani?" Ukijibu "Stihl" au "ule wa Mchina" na ukaishia hapo, unaweza kupewa dramu (bakuli la chuma lenye meno yanayovuta cheni) inayoingia vizuri kwenye shafti, klipu ikafunga, dramu ikazunguka, na bado ikawa siyo yake. Cheni itapanda juu ya meno, au oili haitotoka hata tone kwa sababu dramu haina pengo la kushika gia ya pampu. Dukani hayo hayaonekani. Utayaona baada ya tangi la kwanza la petroli, baa (ulimi wa chuma unaobeba cheni) ikiwa imeshageuka rangi ya buluu.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote, jibu letu ni hili. Anayekata na kupasua mbao kila siku anunue dramu ya pete (yenye meno yanayobadilishwa peke yake), beringi ya sindano orijino au ya kiwanda cha beringi kinachojulikana, na gia ya pampu ya chuma ikiwa inapatikana kwa modeli yake. Mwenye msumeno wa shamba, unaowashwa mara moja moja kupunguza matawi na kukata kuni, dramu ya nyota (yenye meno yaliyoshikana nayo) inamtosha. Fedha iliyobaki anunue cheni ya pili na tupa. Pampu nzima ni kitu cha mwisho kununua, maana mara nyingi pampu yenyewe haina ubovu na kilichokufa ni gia yake, mpira wake au chujio lake.

Vitu vitatu, ugonjwa mmoja

Dramu ni lile bakuli la chuma linalofunika viatu vya klachi. Injini ikiwa silensa (inaunguruma chini bila ya resi), springi zimevivuta viatu ndani, dramu imesimama, na shafti inazunguka peke yake katikati. Beringi ya sindano imekaa baina ya shafti hiyo inayozunguka na dramu iliyosimama. Ukipiga resi viatu vinatanuka, vinaikamata dramu, vyote vinakwenda pamoja na beringi inapumzika. Kwa hiyo beringi huchoka wakati wa silensa, na huchoka zaidi klachi inapoteleza. Msumeno ulioachwa unaunguruma chini nusu saa wakati watu wanavuta gogo unaila beringi kuliko nusu saa ya kukata.

Nyuma ya dramu kuna gia ndogo ya pampu, yenye nyuzi kama za skurubu. Inazungusha kijiti cha pampu, na kijiti kinasukuma oili mpaka kwenye baa. Kwenye misumeno mingi ya leo gia hii inasukumwa na dramu yenyewe, kwa hiyo oili hutoka pale tu cheni inapokwenda. Ipo mingine ambayo gia imebanwa kwenye shafti ya krenki na hutoa oili hata ikiwa silensa. Jua wako ni upi kabla ya kulalamika kwamba unavuja.

Mnazi ndio unaotuonesha vizuri jinsi vitu hivi vinavyouana. Mnazi mkongwe ni mgumu nje na laini ndani. Ukanda wa nje ndio unaotoa mbao na boriti za maana, na ndio unaomaliza makali ya cheni upesi. Cheni ikishakuwa butu, mkataji hukandamiza. Cheni inakwama, injini bado iko juu, viatu vinateleza ndani ya dramu. Dramu inashika moto, grisi ya beringi inayeyuka na kutoka, moto unapita nyuma mpaka kwenye gia ya pampu. Gia ikiwa ya plastiki inalainika, nyuzi zinafutika, oili inakatika, na baa inaungua. Fundi akiletewa msumeno huo anaona baa iliyoungua na anauza baa mpya. Mpya nayo itaungua, kwa sababu gia haijaguswa, na gia iliungua kwa sababu cheni haikutiwa tupa.

Kosa jingine lenye matokeo yaleyale ni kupiga resi huku breki ya cheni imefungwa. Bendi ya breki imeikaza dramu, viatu vinasugua ndani. Sekunde chache zinatosha kuigeuza dramu buluu.

Pima kabla ya kulipa

Chukua venia kalipa, au rula nzuri, na ile dramu ya zamani usiitupe. Vipimo ni vinne.

Cha kwanza ni pichi ya cheni. Pima kutoka katikati ya riveti moja mpaka katikati ya riveti ya tatu; pichi ni nusu ya umbali huo, na huandikwa kwa inchi. Ukipata takriban milimita 16.5, cheni ni .325. Takriban 18.6 ni 3/8. Takriban 20.5 ni .404, ile ya misumeno mikubwa ya kupasulia kama Stihl 070. Hapa kwenye 3/8 pana mtego: ziko 3/8 mbili. Iko ya kawaida, na iko ndogo, ambayo Stihl huiita Picco na kuiandika 3/8 P. Kwa kipimo cha riveti zinalingana, lakini viungo vya ndani vya ile ndogo ni vifupi na meno ya dramu yake yamekatwa kwa ajili yake. Ukiitia cheni moja kwenye dramu ya nyingine itazunguka, ila haikai sawasawa kwenye meno. Itayala meno na meno yataila cheni. Dramu ya 3/8 P mara nyingi ina meno 6, na ya 3/8 ya kawaida mara nyingi 7. Msumeno mdogo kama MS 170 au MS 180 utaukuta na 3/8 P.

Cha pili ni idadi ya meno. Kila jino linapeleka cheni mbele kwa pichi mbili, kwa hiyo meno 7 ya 3/8 yanapeleka milimita 130 kwa mzunguko mmoja, na meno 8 yanapeleka 149. Kwa mizunguko 10,000 kwa dakika hiyo ni mita 21.7 kwa sekunde dhidi ya karibu 25. Inavutia, na wauzaji husema "hii ina spidi zaidi". Lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa uwiano huohuo. Kwa mti laini na baa fupi meno 8 ni sawa. Kwa mnazi, mwembe mkubwa au kupasua mbao kwa urefu, baki na 7. Ukitia 8 utaikwamisha cheni, klachi itateleza, na tumeshaeleza linalofuata.

Cha tatu, kinachosahauliwa kuliko vyote, ni jinsi dramu inavyoshika gia ya pampu. Igeuze dramu uitazame upande wa ndani na ukingoni. Kwenye Stihl ndogo gia ina mkono wa waya, na ncha ya waya huo inaingia kwenye pengo dogo lililokatwa ukingoni mwa dramu. Misumeno mingine gia ina masikio mawili yanayoingia kwenye nafasi mbili karibu na tundu la katikati. Dramu isiyo na pengo, au yenye pengo mahali pengine, haitozungusha pampu hata kama pichi, meno na beringi vyote ni sawa. Weka ya zamani na mpya juu ya meza, mgongo juu, na linganisha.

Cha nne ni beringi: kipenyo cha ndani, cha nje, na upana. Kwenye familia ya Stihl MS 170, 180, 210, 230 na 250 ni 10×13×10 kwa milimita. Upana ndio unaodanganya. Beringi fupi itaingia bila ya tabu, itazunguka, na dramu itakuwa inayumba mpaka sindano zipasuke.

Kwa Stihl, namba ya kipuri inakusaidia sana ukijua kuisoma. Tarakimu nne za mwanzo ni mfululizo wa msumeno: 1130 ni MS 170 na 180, 1123 ni MS 210, 230 na 250, 1121 ni 026 na MS 260, 1119 ni 038, MS 380 na 381, 1128 ni 044 na MS 440, 1122 ni 066 na MS 660, 1106 ni 070. Tatu zinazofuata ni kundi la kipuri: 640 ni dramu, gia na pampu ya oili, 160 ni klachi, 642 ni pete ya meno. Namba inayoanzia 9 ni kipuri cha kawaida kama beringi, klipu na skurubu, kinachotumika kwenye modeli nyingi. Usishtuke basi ukipewa dramu ya 1123 kwa MS 180. Familia hizo mbili ndogo zinashirikiana dramu ya 3/8 P ya meno 6. Lakini MS 660 na MS 661, au MS 361 na MS 362, tarakimu moja ya mwisho isikudanganye. Hiyo ni misumeno tofauti.

Kwa Husqvarna, 365 na 372 zinashirikiana dramu na beringi. Misumeno ya Kichina iliyonakiliwa kutoka 372 au MS 660 kwa kawaida hukubali vipuri vya msumeno ulionakiliwa. Ile inayoandikwa 5200 na 5800 ni kabila jingine. Vipuri vyake vinaingiliana wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi dramu yake ni .325 meno 7, ila pima, kwa sababu viwanda ni vingi na mabadiliko hayaandikwi kwenye boksi.

Nyota au pete

Dramu ya nyota ina meno yaliyoshikana nayo. Yakiisha unatupa dramu nzima. Dramu ya pete ina kitovu chenye mifereji 7, na juu yake inavaa pete ya meno inayoteleza kidogo kushoto na kulia ili ijipange sawa na baa. Meno yakiisha unabadilisha pete peke yake.

| | Nyota | Pete |
|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Ndogo | Kubwa zaidi |
| Meno yakiisha | Dramu nzima | Pete tu |
| Kubadilisha pichi | Dramu nyingine | Pete nyingine, cheni na baa |
| Cheni kukaa sawa na baa | Dramu imekaa palepale | Pete inajipanga |
| Kunasa nyuzi za mnazi | Huzitupa nje kwa urahisi | Hunasa ndani, hutaka kusafishwa |
| Inamfaa | Kazi ya mara moja moja | Kazi ya kila siku |

Ukiacha gharama ya kuanza, safu ya nyuzi za mnazi ndiyo pekee ambayo nyota inaishinda pete waziwazi. Unga wa mnazi una nyuzinyuzi. Ukichanganyika na oili unakuwa gamba linaloshindiliwa kwenye madirisha ya pete, na cheni inaanza kuinuka juu ya meno. Dawa yake ni bisibisi nyembamba na brashi kila jioni, kazi ya dakika mbili. Asiyekuwa tayari kuifanya anunue nyota.

Ukinunua pete, pima pia kitovu. Ukubwa unaokutana nao zaidi ni wa takriban milimita 19 na wa takriban milimita 22. Pete ya mmoja haivai kwenye mwingine, na zote zina mifereji 7, kwa hiyo kuhesabu hakukusaidii. Pete pia iteleze kwa uhuru. Ikikwama kwa kutu inakula baa upande mmoja, na hapa kwetu pwani kutu haina muda maalumu.

Kwa nyota au pete kanuni ya kubadilisha ni moja: mkwaruzo wa cheni kwenye meno ukizidi nusu milimita kwa kina, meno yamekwisha. Kwa kazi ya kawaida hiyo huwa ni cheni mbili kwa seti moja ya meno. Njia nzuri ni kuwa na cheni mbili na kuzizungusha zote juu ya meno yaleyale, zizeeke pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika inanyooka na kuharibika ndani ya muda mfupi, na mtu analaumu cheni.

Orijino, mbadala, na ya bei ya chini kabisa

Hapa hatukubaliani na anayesema "nunua orijino kila kitu". Fedha ina pa kwenda na pa kuzuiwa.

Dramu mbadala iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi. Kagua mambo matatu: unene wa ukuta uwe sawa pande zote, ndani pawe pamechongwa laini bila ya ngazi, na tundu la beringi liwe linang'aa. Izungushe kwenye beringi iliyo shaftini uitazame kwa ubavu, ikiyumba, rudisha. Dramu laini mno hutambulika baada ya siku chache: viatu vinachimba mfereji ndani yake. Dramu ya zamani nayo ikibaki chini ya asilimia 80 ya unene wake wa mwanzo, imekwisha hata kama meno ni mazima. Ikipasuka kwenye mizunguko ya juu, vipande vinakuja kwenye mguu wa mkataji.

Beringi usifanyie ubahili. Ni kitu kidogo kabisa kwenye orodha na ndicho kinachobeba hasara kubwa. Ya bei ya chini kabisa huwa na kikapu cha plastiki kisichostahimili moto au sindano zisizolingana unene. Toa sindano za pande mbili tofauti uzipime kwa kalipa ikiwa una wasiwasi. Zikitofautiana kwa kiasi cha kuonekana, usiitie.

Gia ya pampu ni mjadala wa kweli. Ya plastiki ni laini kwa kijiti cha pampu na haina kelele, ila moto ni adui yake. Ya chuma inastahimili klachi inayoteleza, lakini pampu ikikwama kwa uchafu, gia ya chuma haikubali kushindwa. Inakata meno ya kijiti cha pampu, na hapo umepoteza kitu cha bei zaidi. Kwa hiyo chuma kinafaa kwa mtu anayetumia oili safi. Anayetia oili chafu ya gari abaki na plastiki, akae na akiba ya gia mbili.

Pampu nzima: ya mtiririko usiobadilika ipo kwenye misumeno midogo kama MS 170 na 180, na huna cha kurekebisha. Zenye skurubu ya kuongeza na kupunguza, kama za MS 260, MS 381 au Husqvarna 372, ndizo za kutafuta ikiwa baa yako ni ndefu. Msumeno mdogo uliovishwa baa ndefu kuliko ulivyokusudiwa utakausha ncha ya baa hata pampu ikiwa mpya. Hiyo pampu haina kosa.

Oili ya kutia

Bora ni oili ya cheni yenyewe, kwa sababu inanata na hairuki ovyo cheni inapogeuka kwenye ncha. Isipopatikana, oili safi ya injini ya SAE 30 au 40 inafaa kwa joto letu. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari ndiyo tunayoisihi watu waiache. Ina chembe za chuma zinazosaga kijiti cha pampu, ina masizi yanayoziba chujio, na ikirukia ngozi kila siku ina madhara ya kiafya yanayojulikana, ikiwemo saratani ya ngozi.

Mafuta ya nazi yanatajwa sana, hasa mashambani. Yanalainisha, ni kweli, na hayadhuru udongo. Ila ni mepesi, cheni huyarusha yote kabla ya kufika upande wa chini wa baa, na yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya kipupwe pampu inaweza kuanza kazi ikiwa tupu. Kwa kukata tawi moja sawa, kwa kazi ya kutwa hapana.

Ukitaka kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi, umbali wa sentimita 20, cheni isiguse, upige resi ya kati kwa nusu dakika. Mstari wa oili uonekane. Na tangi la petroli likiisha, la oili liwe limeshuka vizuri. Likiwa bado limejaa zaidi ya nusu, kuna kitu kimeziba.

Kufungua na kufunga bila ya kuvunja

Zima, chomoa waya wa plagi, na vuta mkono wa breki ya cheni kuelekea kwenye mpini ili bendi iachie. Hili la breki lifanywe kabla ya kufungua kifuniko. Kwenye Husqvarna nyingi bendi imo ndani ya kifuniko. Ukikitoa huku breki imefungwa hakitorudi mpaka uifungue kwa nguvu.

Kwenye Stihl nyingi dramu iko nje na klachi ndani yake, kwa hiyo unatoa klipu, washa (kile kisahani chenye tundu), dramu, kisha beringi, na klachi haiguswi. Ziba kwa kidole unapotoa klipu. Inaruka mbali na kwenye mchanga haipatikani. Kwenye Husqvarna kama 372 mpangilio umegeuka: klachi iko nje, dramu nyuma yake, na huwezi kubadilisha hata pete bila ya kufungua klachi.

Klachi ina nyuzi za kushoto. Inafunguka ukiizungusha kama unavyokaza skurubu ya kawaida. Watu wengi wameikaza zaidi mpaka shafti ikaumia kwa kutojua hili. Kuizuia injini isizunguke, toa plagi, sogeza pistoni mpaka ipite na kuziba tundu la egzosi, ndipo uingize kamba ya nailoni isiyochanika. Ukiingiza kamba kabla tundu halijazibwa, pistoni itaikata kwenye ukingo wa tundu na umeshaharibu injini kwa ajili ya dramu. Usizuie kwa bisibisi kwenye mapezi ya sumaku, yanakatika.

Dramu ikiwa nje, futa shafti kwa kitambaa na uitazame kwenye mwanga. Kutu jepesi ling'arishwe kwa msasa laini sana. Ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, beringi mpya itakufa haraka. Zungumza na fundi kuhusu shafti kwanza. Tazama pia sili (mpira unaoziba kuzunguka shafti) iliyo nyuma ya gia. Ikiwa pana unyevu wa petroli, sili imekufa na injini inavuta hewa, na hilo ni kubwa kuliko dramu.

Grisi ya beringi ni kidogo: paka sindano kwa ncha ya kidole, ufute ziada. Grisi nyingi inarukia viatu na klachi itateleza. Baadhi ya Husqvarna zina kitundu mwisho wa shafti cha kusukumia grisi bila ya kufungua. Mwongozo wa 372 unataka beringi hiyo ilainishwe kila wiki. Kwa anayekata kila siku karibu na pwani tungefanya hivyo kwa msumeno wowote.

Kurudisha dramu yenye pengo la waya, isukume taratibu huku ukiizungusha mpaka uhisi waya umeangukia kwenye pengo. Dalili kwamba imekaa ni kuwa mfereji wa klipu unaonekana wote. Ukionekana nusu, waya umebanwa chini ya dramu. Ukilazimisha klipu, waya unakatika mara ya kwanza ya kuwasha na hutoona oili tena. Ikishakaa, zungusha dramu kwa mkono na uitazame gia ikifuatana nayo.

Dalili na pa kuanzia

Cheni inatambaa wakati wa silensa: shusha silensa kwanza. Ikiendelea, zima, zungusha dramu kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza ni beringi. Ikiwa nyepesi ni springi za klachi zimenyooka. Badilisha zote pamoja, usibadilishe moja.

Oili haitoki: anza na kisichohitaji fedha. Toa baa na cheni, washa, piga resi kidogo. Ikiwa oili inatoka kwenye tundu la bodi, pampu ni nzima na kilichoziba ni tundu la oili kwenye baa. Lisafishe kwa waya pamoja na mfereji. Kama haitoki, fungua kifuniko cha tangi kidogo ujaribu tena. Ikitoka, tundu la hewa la tangi limeziba. Bado haitoki, vua chujio ndani ya tangi, kagua mpira kama umepasuka au umevimba. Baada ya hayo ndipo gia, na baada ya gia ndipo pampu.

Dramu buluu na harufu ya kuungua: usibadilishe dramu peke yake. Toa beringi, tazama gia, tazama viatu. Kimoja kikiwa kimeungua, vingine viwili viko njiani.

Kelele ya mlio mwembamba inapokuwa silensa na inayopotea ukipiga resi ni beringi kavu, karibu kila mara. Itie grisi siku hiyohiyo.

Walio mbali na duka

Kwa aliyeko Pemba, iwe Konde, Micheweni au Mkoani, kipuri kisichokuwepo Chake Chake au Wete kinasubiri boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, na msumeno unalala. Akiba ya maana ni ndogo: beringi moja, gia moja ya pampu, klipu mbili na washa zake, pete ya meno moja kwa wenye dramu ya pete, na chujio moja la oili. Vyote vinaingia kwenye kopo la maziwa. Beringi ipakwe oili na ifungwe kwenye plastiki, la sivyo itaota kutu kabla haijatumika.

Ukiagiza kwa simu, tuma picha nne: bamba la modeli kwenye bodi, mbele ya dramu meno yakihesabika, mgongo wa dramu pengo likionekana, na beringi iliyo kwenye taya za kalipa namba zikisomeka. Andika pia umbali wa riveti tatu. Mwambie muuzaji alinganishe pengo na picha kabla ya kukipeleka kifurushi bandarini Malindi, Unguja.

Kikifika, tangi la kwanza lisiwe kwenye mnazi. Kata kuni laini, simama baada ya dakika chache, zima, iguse dramu kwa tahadhari: joto ni kawaida, ikiwa haigusiki klachi inateleza au bendi ya breki inasugua. Kaza cheni, hakikisha klipu iko kwenye mfereji wake, kisha rudia jaribio la boksi.